Mama wa Mazoezi, Aliyechukia Kutembea

Mtu aliyenifundisha kutembea hakupenda kutembea hata kidogo. Nikitaka kumweleza kwa mtu ambaye hakumjua, naanzia hapo. Kutoka chumba alichopanga hadi hospitali aliyofanyia kazi, pale Shinyanga mjini, palikuwa karibu kiasi kwamba akikaanga vitunguu wagonjwa walimeza mate. Hata hivyo kila asubuhi aliletwa kwenye karia ya baiskeli ya mlinzi wa hospitali, amekaa upande, mkoba mapajani, ametulia kama bibi harusi. Mlinzi alikuwa mwembamba na yeye alikuwa mnene. Kwenye kilima kidogo cha mwisho mlinzi alishuka akasukuma, na yeye akabaki juu, akimhimiza akaze magoti.

Tulipomuuliza kwa nini hatembei, alisema anatembea kutwa nzima kwa miguu ya watoto wa wenzake, jioni amechoka. Waswahili walisema mganga hajigangi, nadhani walikuwa wamemwona yeye.

Sote tulimwita Mama wa Mazoezi. Yeye naye hakumwita mtoto yeyote kwa jina. Sura hazikumkaa kichwani, na majina ndiyo kabisa, lakini mwendo wa mtu akiuona mara moja hakuusahau. Mvulana mmoja wa umri wangu, ambaye magoti yake yaligombana kila alipopiga hatua, alimwita Magoti. Msichana mwingine alikuwa Vidole. Mimi nilikuwa Kushoto, kwa sababu mguu wangu wa kushoto ulikaza kuliko wa kulia, ukasimamia ncha, na ulipotembea uliburuzika nyuma ukitoa sauti kama fagio la chelewa kwenye uwanja mkavu. Mama yangu aliudhika kusikia mwanawe, Kabula, mtoto wa masika, anaitwa Kushoto. Mimi nilifurahi. Kijijini kwetu, upande wa Songwa, nilikuwa nimeshaitwa mkosi, nimeitwa adhabu, nimeitwa mtoto aliyerukwa na nyoka tumboni. Ukilinganisha na hayo, Kushoto ni jina la heshima.

Siku hizi ugonjwa wangu una jina lake, mtindio wa ubongo, na watu wanalitamka redioni. Mwanzoni mwa miaka ya sabini hatukuwa nalo. Mama wa Mazoezi alimweleza mama yangu hivi: kichwa cha huyu mtoto kilipata shida mapema, labda siku ya kuzaliwa, sasa kinaituma miguu ujumbe uliokorogeka. Miguu haina kosa. Akili nayo haina kosa, akamtazama mama, na wewe pia huna kosa. Mama alilia hapo hapo kwenye benchi. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia kwa furaha, nikadhani nimeambiwa nitakufa.

Dakika hiyo hiyo yule mwanamke akaharibu kila kitu. Mama aliponiinua anibebe mgongoni tuondoke, alimwambia, "Mgongo wako huo ndio ugonjwa wake wa pili."

Mama hakumsemesha kwa wiki nzima. Alikuwa amenibeba tangu nizaliwe, kisimani, shambani, kanisani, na hakuna aliyewahi kumshukuru. Lakini tulirudi, kwa sababu jambo lililotuleta mjini halikuwa la kuchezea. Watoto wa rika langu walikuwa wameshaanza shule. Shule yetu ilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba ya pamba, na mama alikuwa na mimba nyingine. Baba alikuwa ametoa kauli: mtoto anayebebwa hawezi kwenda shule inayofuatwa kwa miguu. Muhula ukifunguliwa mwakani, nikiweza kutembea mwenyewe nitakwenda. Nisipoweza, nitabaki na bibi kuchambua karanga, na basi. Baba hakuwa mkatili. Alikuwa mkulima wa pamba, alizoea kuuliza kitu kitafika sokoni au hakifiki. Tukahamia kwa shangazi, mtaa wa pili kutoka hospitali, mimi na mama na tumbo lake.

Banda la mazoezi lilikuwa nyuma ya hospitali, ukuta nusu, bati juu. Ndani mlikuwa na mikeka, vifuko vya mchanga, na mabomba mawili ya maji yaliyolazwa juu ya magogo ili mtoto apite katikati akishika huku na huku. Mabomba hayo aliyapata kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya baiskeli, ambaye mama yake alikuwa na goti bovu. Mama wa Mazoezi alilikanda goti hilo barazani kwao kila Jumamosi, huku bibi wa watu akimtukana kwa Kigujarati, naye akimjibu kwa Kisukuma, wakielewana vizuri sana. Mzee alipouliza ampe nini, akaomba mabomba, na mipira chakavu ya ndani ya matairi. Ile mipira aliikata mikanda, akatufunga nayo nyayo zikae sawa.

Kazi yenyewe iliuma. Sitaipamba. Alikushika kisigino kwa mkono mmoja na goti kwa mwingine, akauvuta msuli wa nyuma taratibu mpaka ukaona nyota mchana. Hakukukataza kulia. Alikataza kulia ovyo. Mwanzoni kabisa mwa safari yetu nilipiga ukelele uliofika wodini, naye akasema kwa upole, "Lia, mwanangu, lakini lia kwa kufuata debe."

Sasa niseme juu ya debe, alilolipiga kama ngoma. Usukumani kilimo kina ngoma yake, bugobogobo. Watu wa kikundi hujipanga mstari shambani, ngoma ikalia, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja, na mstari mzima ukasonga mbele bila mtu kujua amechoka saa ngapi. Mama wa Mazoezi alikuwa amegundua kwamba mguu unaokataa amri ya kichwa unaweza kuitii ngoma. Hakusoma hilo popote, wala hakudai ni elimu yake. Alisema aliwaona watoto wakichangamka siku kikundi kilipopita barabarani, basi. Akatutafutia mipini mifupi ya majembe, kila mtoto wake. Ulikwenda umeushika mbele yako kwa mikono miwili, na debe likilia unashusha kisigino, likilia tena unahamisha mguu. Ukiyumba, mpini unakuwa fimbo. Hivyo tulilima sakafu ya saruji miezi na miezi.

Kasoro ilikuwa moja. Jumapili alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na katekista wake aliihesabu ngoma yoyote ya jadi kuwa ushenzi. Yeye mwenyewe Jumapili aliungana naye kabisa, nilimsikia kwa masikio yangu akiwaombea wacheza ngoma wapate nuru. Jumatatu asubuhi alivua viatu, akakaa juu ya gunia la mchanga, akapiga bugobogobo mpaka bati likatetemeka. Katekista alipokuja kumuuliza, alimgeuzia kile chombo aone maandishi yake. Ngoma ina ngozi, akasema, hili ni debe la mafuta ya taa. Katekista alilikagua, akaona kweli halina ngozi, akaenda zake.

Alikuwa na misemo, na mingine ilikuwa ya kugombana na misemo ya watu. Mtu akimwambia polepole ndio mwendo, alijibu kwamba polepole ni polepole, mwendo ni mwendo. Alisema mguu hauna masikio, una mazoea. Alisema kisigino ni mlango na vidole ni dirisha, nani anaingia kwake kwa dirisha isipokuwa mwizi? Nilipomwomba anitoe ule mburuzo wa kushoto, nitembee kimya kama watoto wengine, aliniuliza kama baba yangu akipewa jembe lenye ufa huacha kulima. Mchagua jembe si mkulima. "Huo mburuzo sitautoa," akasema, "siwezi. Shuleni nitakufikisha." Nililala nimenuna. Nilikuwa nimedhani ananitengeneza, kumbe ananitayarisha tu. Ilinichukua miaka kuona tofauti yake.

Kusifu hakujua. Ukifanya vibaya alicheka, ukifanya vizuri alilalamikia jua. Siku nilipotoka mwisho wa mabomba bila kuyashika, mama yangu akapiga vigelegele banda zima, Mama wa Mazoezi alitazama nje akasema mvua ya mwaka huu itachelewa, mtaona. Magoti, aliyekuwa amelala mkekani na vifuko vya mchanga juu ya mapaja, akaninong'oneza kwamba nimepata sifa kubwa, yeye hajawahi kupewa zaidi ya vumbi.

Kosa lake kubwa, na sisi tuliokuwepo tunacheka hadi leo, alilifanya kwa nia njema. Pamba ilikuwa imeshauzwa, watu wana nafasi, ule msimu wa mashindano ya ngoma. Akaona ni wakati mzuri wa kuwaita wazazi waje kutazama watoto wakitembea kwenye uwanja wa nyuma, kutoka bandani hadi tangi la maji. Kina baba wengi walikuwa hawajawahi kufika, wakidhani mazoezi ni mambo ya wanawake na vilema. Alitugawa mistari miwili. Ili tusichanganyikiwe, mstari mmoja akauita Bagika na mwingine Bagalu.

Mtu wa pwani hataona ubaya wake. Lakini kwa Wasukuma hayo ndiyo majina ya pande mbili za wacheza ngoma, na kila mtu ana upande wake, kama si kwa kucheza basi kwa kushangilia. Pande hizo hukutana uwanja mmoja, kila moja ikicheza kivyake kwa wakati uleule, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe watu huenda kwa waganga kutafuta dawa ya kuvuta umati. Habari zilipofika Songwa kwamba binti wa Baba Kabula amesimamishwa upande wa Bagika dhidi ya Bagalu, baba yangu, ambaye kwa miezi yote hiyo hakupata nafasi ya kuja, alipata nafasi. Alikuja kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, na ndani ya koti alikuwa na pembe ndogo ya dawa.

Naye babake Magoti, Mgalu wa damu, alikuja na ya kwake.

Tulitoka bandani tukakuta uwanja umejaa kama mnada wa ng'ombe. Walikuwepo wazazi, ndugu wa wazazi, wagonjwa waliojiondoa vitandani, na watu waliokuwa wanapita tu. Baba alipuliza unga wake upande wetu. Babake Magoti akapuliza wa kwake, upepo ukaurudisha wote usoni kwa mlinzi, akapiga chafya. Dawa zote mbili zilifanya kazi, ndilo balaa lenyewe. Umati ulikuja kweli. Ulijaa mistari yote miwili, mbele yetu pakawa hapana pa kuweka mguu, na kila upande ukaanza kuimba kuutukana mwingine.

Mtoto mwenye misuli kama yangu akishtuliwa, mwili unajifunga. Nilisikia magoti yakikaza, kisigino kikaondoka chini, mikono ikaganda kwenye mpini. Nilimwona baba katikati ya watu, namna anavyonitazama, na nilijua anatazama nini. Alikuwa anatazama kama kitu kitafika sokoni. Sikuweza kusogea. Nilijiona niko na bibi, na karanga, maisha yangu yote.

Mama wa Mazoezi alitoka bandani na debe kichwani, akitembea. Nasisitiza, alitembea, hakuna baiskeli. Nilimtarajia afukuze watu, lakini hakumfukuza mtu. Alikwenda hadi kwenye bustani ya hospitali, akachukua majembe mawili, moja akampa baba yangu, la pili babake Magoti.

"Ninyi si wakulima?" akawauliza. "Watoto wenu hawana njia. Walimieni."

Akakaa chini akaanza kupiga. Na ukimpigia Msukuma bugobogobo akiwa na jembe mkononi, hana pa kukimbilia. Baba aliinua jembe. Babake Magoti akaona hawezi kuachwa nyuma na Mgika, akainua la kwake. Wakashuka kwa pamoja, ardhi ikapasuka, wakasonga mbele, umati ukajitenga kupisha majembe kwa sababu jembe halimjui mtu. Nyuma ya kila mmoja ikabaki njia. Watu wakaacha matusi, wakaanza kuitikia wimbo wa kulimia, taratibu, wimbo ambao sote tuliusikia tukiwa bado mgongoni mwa mama zetu.

Magoti yangu yakafunguka. Nikashusha kisigino, nikahamisha mguu. Udongo uliolimwa ulikuwa mgumu kukanyaga kuliko saruji, nilianguka mara moja, nikainuka kwa mpini wangu, baba hakugeuka nyuma maana debe lilikuwa halijakoma. Nilifuata mgongo wake uliolowa jasho hadi nikagusa tangi la maji. Magoti alikuwa ameshafika au bado, sikumbuki. Hakuna aliyejua nani kashinda, umati ulikuwa umeshachanganyika. Kila upande uliondoka ukisema ni sisi.

Baba aliegemea jembe akihema. Aliutazama mguu wangu wa kushoto kwa muda mrefu, halafu akamwambia mama, kama mtu anayeongea juu ya mvua, "Atakwenda shule." Mama aligeuka upande, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Mama wa Mazoezi akasema jua la leo ni kali mno.

Daktari mkuu alipotoka akaona uwanja wake umelimwa matuta mawili marefu, alikasirika sana. Mama wa Mazoezi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuunga mkono, na kesho yake akapanda karanga, akazimwagilia kwa maji ya tangi. Zilipokomaa, tuling'oa sisi wenyewe, tukichuchumaa na kusimama, tukichuchumaa na kusimama. Lilikuwa zoezi gumu kuliko yote, na la pekee tulilolila.

Mwaka uliofuata nilianza darasa la kwanza. Baba alikuwa amelima njia kupita mashamba ya pamba, nyembamba, imenyooka, kutoka uani kwetu mpaka shuleni, na kila masika aliipalilia. Niliipita njia hiyo mpaka darasa la saba, shuu, shuu, mguu wa kushoto ukiandika mstari wake vumbini. Watoto walinisikia kabla hawajaniona. Nilipokuwa mwalimu nilijifunza kuificha sauti ile. Nilitia kitambaa ndani ya kiatu, nikauinua mguu kwa nguvu za nyonga, jioni ninalala mgongo unawaka. Lakini darasani niliingia kimya, kama watu.

Katikati ya miaka ya themanini nilipangiwa shule ya Buseresere, kwenye barabara ya Biharamulo. Malori yalipita kutwa, na watu wa kutafuta dhahabu waliingia na kutoka na nguo za rangi ya udongo. Katika darasa langu palikuwa na mtoto mmoja wa kike, mwerevu, ambaye aliacha kuja. Niliambiwa anabaki nyumbani kumwongoza bibi yake, ambaye macho yamekufa na hataki kusogea bila mtu wa kumshika. Mama mtu alikuwa akiuza vitenge sokoni, hana mwingine wa kumwachia. Nikasema nitakwenda kuzungumza nao.

Ilikuwa mchana wa jua. Kiatu changu chenye kitambaa kilikuwa kimepasuka siku hiyo, nilikuwa na kandambili, na nilikuwa nimechoka, nikauacha mguu uburuzike utakavyo. Uani palikuwa na mwanamke mzee, mnene, amekaa mkekani anamenya karanga, macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe. Yule mwanafunzi alikuwa pembeni yake. Sikuwa nimepiga hodi bado.

"Kushoto," akasema yule mzee, mikono haikuacha karanga. "Umechelewa. Nilikuwa nakuwaza tangu masika."

Nilikaa chini pale pale vumbini, na gauni langu la kazi, nikamwamkia shikamoo nikiwa nalia, naye akaitikia marahaba huku ananipapasa kifundo cha mguu. Alikunja uso. Kisigino, akasema, umekilegeza.

Tuliongea mpaka kivuli kikahama, akanieleza alivyomfuata binti yake huku macho yalipoanza kufa. Nikamuuliza kwa nini anamzuia mtoto asije shule. Akajibu kwamba miguu yake imestaafu. Nikamwambia mguu hauna masikio, una mazoea. Mikono ikaacha karanga, nikajua imempata. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba anaogopa. Akisimama haoni pa kuweka mguu, mwili wote unajifunga.

Niliijua hali hiyo. Nikamwinua. Nikamwambia asinishike, anifuate tu, mimi nitakuwa mbele kama baba yangu alivyokuwa mbele yangu, tutakwenda hadi chooni na kurudi, na kesho tutafunga kamba huku na huku ya kushika kama yale mabomba, na mtoto atakwenda shule. Nikaanza kutembea. Kwa mazoea ya miaka, nikauinua mguu wa kushoto kimya.

"Buruza vizuri," akasema nyuma yangu. "Nitakupoteza."

Basi nikauburuza, kwa makusudi, kwa sauti, na nikamsikia nyuma yangu anashusha kisigino.